Kikombe Juu ya Kaburi

Anayekuja kununua kiwanja Chanika huwa na maswali yake: maji yapo, umeme umefika, gari inaingia masika? Mwaka juzi mtu mmoja aliyeletwa na dalali kuona shamba la bibi yangu aliongeza swali jingine. Alisimama chini ya miembe, akanyoosha kidole, akauliza, “Na haya makaburi mtayahamisha lini?” Sisi tulikua tukiambiwa kwamba ukinyooshea kaburi kidole, ukiume hicho kidole. Mjomba akawahi kujibu kuwa hilo halina shida, litamalizwa kifamilia. Bibi alikuwa barazani anachambua mchicha. Hakusema neno, ila mikono yake ilisimama.

Makaburi yenyewe ni tisa. Hayana saruji wala maandishi. Ni tuta la udongo ambalo kila masika linapungua kidogo, na kijiti kichwani. Juu ya manne kati yake kuna vyombo: sahani ya bati iliyotoboka, kikombe cha bati kisicho na mkono, chupa, bakuli lililovunjika nusu. Utotoni tulikatazwa kuvigusa, hata mpira ukidondokea huko. Hatukuambiwa sababu, na mimi sikuwahi kuuliza.

Wakati huo nilikuwa natafuta mada ya tasnifu ya uzamili katika historia. Nilikuwa nimeandika pendekezo kuhusu Kilwa, kwa sababu Kilwa ndiko tulikofundishwa kuwa historia iko. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara zimo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981, na vitabu vyake vinajaza rafu nzima. Msimamizi wangu alilisoma, akaniuliza nina nauli ya kwenda Kilwa mara ngapi. Nikamwambia ukweli. Akasema, “Basi chagua mahali unapoweza kwenda asubuhi na kurudi jioni.” Nilikwazika kidogo. Kutoka Chanika, asubuhi hadi jioni ni safari ya kwenda mjini na kurudi, foleni ikiwa na huruma.

Nilianza na Kunduchi. Niliondoka nyumbani alfajiri, nikabadili gari mara mbili, nikashuka Mtongani jua likiwa limeshapanda. Magofu yako karibu na bahari, katikati ya mibuyu mikubwa kuliko nyumba zilizo jirani. Kuna kuta za msikiti ambao wataalamu huuweka katika karne ya 15 au 16, na eneo la makaburi ambayo mengi ni ya karne ya 18. Yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na baadhi yana nguzo iliyosimama kichwani. Nguzo za namna hii ziko kando ya bahari kwa mamia ya kilomita: Malindi na Mambrui kule Kenya, na huku kwetu Kaole, karibu na Bagamoyo.

Kilichonisimamisha ni matundu. Kwenye nguzo na kwenye kuta za makaburi kuna mashimo ya duara, yamekaa kwa mpangilio, kama macho. Mzee aliyekuwa akinizungusha alisema humo mlikuwa na mabakuli. Yalikuwa mabakuli ya kauri, mengi kutoka China, yaliyokandikwa kwenye chokaa ikiwa bado mbichi, mdomo ukitazama nje. Kauri hiyo ilifika pwani yetu kwa biashara ya Bahari ya Hindi, ikipitia mikono ya wafanyabiashara wengi, na kwa majahazi yaliyoshuka na kaskazi na kurudi na kusi. Ndani ya nyumba za mawe za Waswahili ilipangwa kwenye zidaka, mgeni akiingia aione. Mwenye nyumba akifa, kauri ilimfuata kaburini, nayo iliendelea kumweleza mpita njia kuwa aliyelala hapa hakuwa mtu wa hivi hivi.

“Yako wapi sasa?” nikauliza.

“Mengine makumbusho,” mzee akasema. “Mengine yalichokolewa usiku. Bakuli zuri halikai nje, mwanangu.”

Nilisimama pale nikikikumbuka kile kikombe cha bati kisicho na mkono. Sitaki kusema kwamba babu zangu waliiga Kunduchi, wala kwamba Kunduchi waliiga kwetu. Desturi ya kuweka vyombo juu ya kaburi ni ya watu wengi, na hakuna anayejua ilianzia wapi. Lakini watu wa hapa ufukweni na watu wa vilima vya Pugu na Kisarawe hawakuwa wageni kati yao. Simulizi za Wazaramo na Washomvi husema Washomvi wa pwani walipozidiwa na Wakamba walimwita Pazi Kilama awasaidie, naye baada ya ushindi akadai ushuru wa kila mwaka, uliokumbukwa kwa jina la kanda la Pazi. Watu waliopigana upande mmoja, wakatozana ushuru na kuoana, walihudhuria pia misiba ya wenzao. Mtu wa bara aliiona kauri ikiwekwa kwenye chokaa, na mtu wa pwani akaiona sahani ikiwekwa juu ya udongo.

Niliporudi niliisoma Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Inaweka mstari kwenye mwaka: kilichojengwa na binadamu kabla ya 1863 kinalindwa kwa umri wake tu, bila mtu kukiombea. Kilichokuja baadaye kinasubiri waziri akitangaze kwenye Gazeti la Serikali. Mwaka huo una kichekesho chake, kwa sababu Sultani Majid bin Said wa Zanzibar aliujenga mji wa Dar es Salaam katika miaka hiyo hiyo ya 1860. Kwa hiyo karibu kila kitu ambacho mji huu umejenga kimeangukia ng'ambo ya mstari. Kunduchi imo ndani. Makaburi tisa ya Chanika, ambayo kongwe lake kwa hesabu za bibi ni la miaka ya mwisho ya Mjerumani, hayamo.

Ipo sheria nyingine, ya kuhamisha makaburi, ya 1969. Hiyo inaeleza utaratibu pale ardhi yenye makaburi inapohitajika kwa manufaa ya umma, kwa mfano barabara. Mjomba na mnunuzi hawakuwa umma. Kati yao kulikuwa na dalali tu, na maneno “hilo halina shida”.

Safari ya pili ilikuwa Mwenge, kwenye vinyago. Nilikwenda nikiamini kwamba nakwenda kuona kitu cha kale. Wanaochonga pale ni wengi wao Wamakonde au wanafunzi wa Wamakonde, watu waliokuja kutoka Mtwara na Msumbiji, na mpingo wanaouchonga unasafirishwa kutoka mbali. Mtalii anayenunua kinyago cha shetani, kile chenye mwili uliopinda na jicho moja, huondoka akidhani amebeba mila ya karne nyingi. Kumbe mtindo huo una mwanzo unaojulikana. Mchongaji Samaki Likankoa aliuanzisha hapa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1950, na mfanyabiashara Mohamed Peera akawa miongoni mwa wa kwanza kuununua. Ule mnara wa watu waliobebana, unaoitwa ujamaa, nao ulichongwa kwanza na Roberto Yakobo Sangwani karibu na wakati huo huo, kabla Azimio la Arusha la 1967 halijalifanya neno hilo kuwa siasa ya nchi. Kwa hiyo vinyago hivi si vya kale hata kidogo. Ni usanii wa watu waliohama, wakatafuta riziki mjini, wakabuni.

Hilo halikunivunja moyo. Nililipenda. Lakini nilimuuliza mchongaji mmoja kama ana mwana hiti. Akaniuliza ndiyo nini. Nikamchorea: kigogo kidogo kisicho na mikono wala miguu, kichwa chenye nywele zilizogawanyika pande mbili. Akatazama mchoro, akasema kwa upole, “Hiki ni cha watu wa hapa hapa, dada. Sisi hatukijui.”

Alisema kweli. Mwana hiti ni cha Wazaramo na majirani zao. Mwali alipokuwa ndani alipewa akilee kama mtoto, akipake mafuta, akitengeneze nywele. Umbo lake lilichongwa pia kwenye vijiti vya makaburi ya wakubwa. Wajerumani walivikusanya, na leo ni rahisi zaidi kukiona mwana hiti kwenye makumbusho ya Ulaya kuliko Chanika.

Jioni hiyo gari ilikwama muda mrefu Pugu. Pale Pugu wamisionari Wabenediktini walifungua kituo 1888, na Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri, kituo kilishambuliwa. Wamisionari watatu waliuawa na wengine wakatekwa, baadaye wakakombolewa kwa fedha. Majina ya wale watatu yameandikwa na yanaombewa hadi leo. Watu wa vijiji vya Pugu waliokufa katika vita hivyo hivyo hawana orodha. Sikuwaonea wivu wamisionari. Walikuwa na wenzao waliokaa chini wakaandika. Ila nikiwa nimebanwa dirishani niliona jambo nililopaswa kuliona mapema: mimi ndiye mtu wa kukaa chini na kuandika, na hata majina ya makaburi tisa ya nyumbani siyajui.

Nilimkuta bibi macho. Nikamuuliza hatimaye: vyombo vile ni vya nini?

“Ni vyao,” akasema. “Kikombe kile ndicho baba yangu alichonywea maji mara ya mwisho. Utakunywea wewe?”

“Na sahani mbona imetobolewa?”

Akacheka. “Mwizi je, mjukuu wangu? Ukiacha sahani nzima nje, keshokutwa utaiona kwa jirani ina wali. Tunaitoboa ili isimfae mtu mwingine.”

Nilikaa na jibu hilo siku kadhaa. Mabakuli ya Kunduchi yaliwekwa mazima, tena mazuri, na ndiyo sababu yamebaki matundu. Sahani ya Chanika ilitobolewa siku ile ile ya maziko, nayo bado ipo. Waliozika Chanika walijua kitu kuhusu sisi tutakaobaki: kwamba tutatamani, tutauza, tutasahau. Wakajikinga kwa msumari. Kitu pekee ambacho hawakuweza kukikinga hivyo ni ardhi yenyewe, maana ardhi ukiitoboa bado inauzika.

Nilimuuliza pia kuhusu mwana hiti. Alisema wa kwake ulikuwa wa kibuyu, kwa kuwa mwaka ule aliyejua kuchonga alikuwa mgonjwa. Ulipotelea wapi hakumbuki. “Ulikuwa mtoto mzuri,” akasema, kisha akaniambia nikazime taa ya nje.

Kikao cha familia kilifanyika Jumapili. Mjomba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na ada za watoto watatu na paa linalovuja. Sikutoa hotuba ya urithi, kwa sababu ningeanza na Kunduchi wangeniuliza Kunduchi inamlipia nani ada. Nilileta kamba na daftari. Tulipima eneo la makaburi pamoja na miembe, likatoka hatua kumi na nne kwa hatua tisa. Nikaomba sehemu hiyo isiuzwe, na njia ya kuifikia iandikwe kwenye hati ya mauziano mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Mjomba alipiga hesabu, akanuna, akasema mnunuzi atapunguza bei. Bibi akasema, “Apunguze.” Ikaisha.

Mnunuzi alipunguza. Shamba lililobaki limeuzwa, na ukuta wa matofali umeshapanda upande wa mashariki. Sijui hatua kumi na nne kwa tisa zitadumu miaka mingapi; hati ya mauziano si sheria ya 1964.

Nilibadilisha mada ya tasnifu. Ukurasa wa kwanza wa daftari langu la utafiti una orodha ya namba moja hadi tisa. Bibi amenipa majina sita. La saba analo ila hajaamua kama ni la mtu huyo au la nduguye. Mawili ya mwisho, yaliyo karibu na mzizi wa mwembe, hayajui, na dada yake aliyeyajua alifariki miaka minne kabla sijaanza kuuliza. Kwenye moja la hayo mawili ndipo kilipo kile kipande cha bakuli. Nimeandika hivyo: kaburi la nane, jina halijulikani, bakuli jeupe lenye mstari wa buluu, limevunjwa makusudi.