USAJILI WA MAJIMAJI: SONGEA TUNAVYOCHAGUA WA MWISHO

Leo naweka pembeni habari za nani kaonekana na nani, tuongee mpira, wa zamani na wa sasa kwa pamoja. Majina ya watu wa hapa mjini yanabaki kapuni kama kawaida yetu. Songea mji mdogo bana, ukimtaja mmoja umemtaja shemeji yako.

Kila dirisha la usajili likifunguliwa, ubishi ni uleule. Ukianzia Soko Kuu, ukapita Mfaranyaki, ukaenda Lizaboni mpaka Bombambili, utawakuta watu na vikombe vya kahawa wanapanga kikosi cha Majimaji kana kwamba hela wanazo wao. Kuna chama cha "wa hapahapa". Hawa wanataka vijana waliokulia Songea, Mbinga, Namtumbo, Tunduru na Nyasa. Na kuna chama cha "wa kuja", ambao wanasema mpira hauchezwi kwa barua ya mtendaji wa kata: leta straika wa Dar, leta kipa wa Mwanza, hata wa Kongo, mradi pointi tatu zibaki nyumbani.

Kinachochekesha ni kwamba vyama vyote viwili vina ushahidi mmoja: mwaka 1985.

Kwa wadogo zangu mlioikuta Majimaji inahangaika madaraja ya chini, ngoja niwaeleze. Kuanzia 1982 kulikuwa na Ligi ya Muungano, ambayo klabu za juu za Bara zilikutana na za Zanzibar, na bingwa wake ndiye aliyepeperusha bendera kwenye Klabu Bingwa Afrika. Pan African wakachukua 1982, Yanga 1983, KMKM 1984. Halafu 1985 wakaja Wanalizombe. Watu wa Dar wakasema bahati. Mwaka 1986 tukachukua tena! Na 1998, wakati wengi walishatusahau, tukachukua mara ya tatu. Pamba ya Mwanza, pamoja na ziwa lao na jiji lao, walilipata mara moja. Sisi mara tatu, kutoka mji ambao kwenda na kurudi Dar ni karibu kilomita elfu mbili.

Na si mji wowote tu. Jina la timu limetokana na vita ya 1905 hadi 1907, na mji wenyewe una jina la nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Ndiyo maana wazee wa hapa timu ikifungwa nyumbani wanachukulia kama msiba. Miaka ya 1980 lami ya kutoka Makambako ilikuwa imefika Songea, mahindi ya Ruvuma yalikuwa yanalisha nchi (tulihesabiwa katika ile mikoa minne mikubwa pamoja na Iringa, Mbeya na Rukwa), na viongozi wa mkoa waliichukulia timu kama kazi ya mkoa. Mtu akiwaambia timu ya mkoani inapanda kwa maombi tu, mwambieni atazame kwanza barabara na ghala.

Sasa ule ushahidi. Wa hapahapa wanakuhesabia watoto wa Ruvuma waliokuwemo. Wa kuja wanakuhesabia waliotoka mikoa mingine. Wote wana haki, kwa sababu kikosi kilikuwa mchanganyiko. Mzee mmoja wa Majengo, ambaye ubishi kwake ni chai ya asubuhi, aliwahi kuniambia kwamba wale wa kuja walikuja kwa sababu wa hapahapa walikuwa tayari wanatisha. Hakuna mchezaji mwenye akili anayesafiri siku nzima kwenda kucheza na magarasa. Mimi nampa alama zote huyo mzee.

Hebu tutoke nje kidogo, mtaona kwa nini. Wamarekani, kwenye ule mpira wao wa mikono, wana kitu wanaitwa drafti. Wala si drafti ya kete. Mwaka 1935 mmiliki wa timu ya Philadelphia Eagles, iliyokuwa inachapwa kila wiki, alichoka kuona vijana wazuri wa vyuo vikuu wanakwenda kwa matajiri walewale. Akapendekeza utaratibu: timu zikae pamoja, ziwagawane vijana wanaomaliza vyuo, na timu mbovu ichague ya kwanza. Drafti ya kwanza ikafanyika 1936, Eagles wakachagua namba moja, kijana wa Chuo Kikuu cha Chicago, Jay Berwanger. Mnajua aliwafanyia nini? Hakuwahi kucheza hata mechi moja ya ligi ile. Kwa hiyo hata kwa wazungu usajili una vioja vyake, msijione peke yenu.

Sisi Watanzania tumeishi hiyo drafti kwa mtu mmoja ambaye jina lake haliwezi kukaa kapuni maana ana urefu wa zaidi ya mita mbili na robo kasoro kidogo: Hasheem Thabeet. Kijana wa Dar, mpira wa kikapu ameuanza akiwa na miaka kama 15, akaenda Marekani akamalizia sekondari, akacheza miaka mitatu Chuo Kikuu cha Connecticut, na Juni 2009 Memphis Grizzlies wakamchagua namba mbili. Namba mbili jamani! James Harden alikuwa wa tatu, Stephen Curry wa saba. Mashabiki wa Memphis wanaumia mpaka leo, na mimi siwalaumu. Ila angalieni njia aliyopita: shule, chuo, halafu timu dhaifu inapewa nafasi ya kumchukua. Alicheza akiwa darasani, na hakuna aliyemwambia achague kimoja.

Hapa kwetu geuza yote hayo. Tajiri anachagua kwanza, tena anachagua kutoka kwenye sahani yako ukiwa bado unakula. Majirani zetu Tukuyu Stars ndio mfano unaouma. Timu ya wilaya, imetokea kwenye baridi la Rungwe, mwaka 1986 ikawa bingwa wa Bara. Baada ya hapo Dar ikaanza kuwaita mmoja mmoja, na timu ikaisha kama sabuni kwenye maji. Majimaji nao waliondokewa. Winga akiwasumbua Simba na Yanga pale Uwanja wa Majimaji Jumamosi, Jumatatu kuna mgeni mwenye koti lililonyooka anauliza nyumbani kwao ni wapi. Sisemi vijana wasiende. Nani atakataa hela? Nasema mji ulibaki na nini.

Hapo ndipo ubishi wa vijiweni unaponikera kidogo. Tunabishana nani asajiliwe, hatuulizi wachezaji wanatoka wapi. Zamani jibu lilikuwa shuleni. Mkoa huu una shule za bweni zilizokusanya vijana kutoka kila kona: Songea Boys, Kigonsera kule Mbinga (alikopita Mkapa, ambaye leo uwanja mkubwa wa taifa una jina lake), seminari za wamisionari na nyingine. Ukiwaweka wavulana mia kadhaa sehemu moja miaka minne, na jioni hakuna televisheni, utapata timu hata usipotaka. Michezo ya UMISSETA ilipofika, mashabiki wa Songea walikuwa wanakwenda kutazama kama wanakwenda mnadani. "Yule wa kushoto wa nani?" "Wa Form Three." "Mama yake anauza wapi?" Hiyo ndiyo ilikuwa drafti yetu, haina karatasi, ila ilifanya kazi.

Halafu mwanzoni mwa miaka ya 2000 Serikali ikasimamisha michezo ya UMISSETA na UMITASHUMTA, hoja ikiwa ni masomo. Ilirudi baadaye, lakini pengo la miaka ile liliacha kovu. Mtoto aliyetakiwa kuonekana akiwa na miaka 16 hakuonekana. Waliobaki kuwaona vijana ni watu wa ndondo, na kwenye ndondo ndiko walikozaliwa madalali.

Kisa cha mmoja, jina kapuni na shule kapuni. Alikuwa winga, mguu wa kushoto, mtoto wa mtaa wa jirani na kwetu. Akiwa Form Three dalali mmoja akamwona kwenye ndondo, akamwambia kuna timu Dar inamsubiri. Hakuna mkataba, hakuna barua, nauli ya basi tu na ahadi. Mama akalia, baba akaona hela. Dogo akaacha shule. Alifanya majaribio wiki mbili, akaumia goti, dalali simu haipokelewi. Leo msimu wa mahindi ukifika utamkuta anapakia magunia, na ukimtania kuhusu mpira anacheka kidogo halafu anabadilisha mada. Ana miaka 24. Cheti cha Form Four hana, na hakuna timu yoyote duniani yenye rekodi kwamba aliwahi kucheza.

Hilo la rekodi wengi hatulijui. Kanuni za FIFA tangu 2001 zinasema mchezaji akiuzwa nje ya nchi, asilimia 5 ya ada inagawanywa kwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Kuna na fidia ya malezi anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa kwenye nchi nyingine. Lakini wanalipwa wenye karatasi: klabu iliyomsajili mtoto kwenye mfumo wa shirikisho, mwaka kwa mwaka. Ndondo haina karatasi. Kijiwe hakina karatasi. Akitokea mtoto wa Matarawe akauzwa Ubelgiji kesho kutwa, Songea tutabaki kuposti picha yake ya utotoni na kuandika "tumetoka mbali".

Turudi kwa timu. Majimaji ilishuka Ligi Kuu msimu wa 2010/11, ikapanda tena 2015 pamoja na Mwadui, Toto African na African Sports. Mji uliwaka! Na kilichofuata ni sherehe ya chama cha wa kuja: kocha kutoka Finland, wachezaji kutoka kila mahali, majina yanabadilika kila dirisha mpaka mtangazaji wa uwanjani anachanganya. Msimu wa 2016/17 tukanusurika kwa jasho, huku Toto African, JKT Ruvu na African Lyon wakishuka. Msimu uliofuata, 2017/18, tukashuka sisi na Njombe Mji. Wale wa kuja wakapanda mabasi yao, na hawana kosa, mkataba umeisha. Sisi tukaangalia nyuma kuna vijana gani wa kuanza nao upya, tukakuta tumeshika hewa.

Wa hapahapa msishangilie mapema. Na nyinyi mna lenu. Mnapiga kelele "vijana wetu, vijana wetu", lakini timu ya vijana ikicheza saa nane mchana uwanjani kuna watu kumi na mbuzi wawili. Mnawapenda watoto wa Songea wakishavaa jezi ya Yanga.

Hata sasa, Songea United ilipoonekana Championship, vijiwe vilianza palepale: nani aletwe, nani aondoke. Nilijaribu kuuliza swali moja kijiwe cha Mfaranyaki, kwamba ni vijana wangapi wa chini ya miaka 17 wa mji huu wana usajili halali. Wakanitazama kama nimeuliza bei ya ndege. Dakika mbili baadaye walisharudi kwa straika wa Dar.

Mwaka huu kuna beki mmoja wa kushoto, Form Two, nimemwona mara tatu, anapiga krosi kama anatuma barua. Shule sisemi, mtaa sisemi. Nikitaja tu, kesho kuna mtu kashampandisha basi la alfajiri. Wanaomfahamu msimtaje kwenye maoni, nitafuta. Mengine yote ruksa: 1985 walikuwa wa hapahapa au wa kuja? Uwanja wenu.