Uboreshaji kwa Matabaka

Uboreshaji kwa matabaka ni kanuni ya utengenezaji wa tovuti inayotaka huduma ya msingi imfikie kila mtumiaji kwanza, kisha sura nzuri na wepesi viongezwe juu yake kwa wale ambao vifaa vyao vinaviweza. Istilahi yake ya Kiingereza, “progressive enhancement”, iliasisiwa na Steven Champeon, aliyeieleza pamoja na Nick Finck katika mkutano wa Austin, Marekani, mwaka 2003. Desturi iliyokuwapo ilikuwa kinyume: ukurasa ulitengenezwa kwa ajili ya kivinjari kipya, halafu wenye vivinjari vya zamani wakatafutiwa cha kuwapooza.

Chini kabisa kuna HTML, yaani matini, viungo na fomu. Juu yake hukaa CSS inayotoa sura, kisha JavaScript inayofanya ukurasa uitikie papo hapo. Fomu ya maombi ya kazi iliyotengenezwa hivi hutumwa kwa kitufe cha kawaida cha HTML. JavaScript ikipakia, mwombaji huonywa hapohapo kwamba namba yake ya simu imepungua tarakimu. Isipopakia, onyo halitokei, lakini ombi linakwenda, na kosa hugunduliwa na seva.

Kuiita kwa Kiswahili “uboreshaji wa hatua kwa hatua” kungeleta wazo la muda, leo hiki na mwakani kile, ilhali jambo lenyewe ni utegemezi: la juu hulitegemea la chini, na la chini halilitegemei la juu.

Kanuni hiyo huonekana vizuri zaidi pale ilipokiukwa, hata nje ya tovuti. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, kisiwa cha Unguja kilikosa umeme kutokana na hitilafu katika njia inayouleta kutoka Tanzania Bara kwa waya wa chini ya bahari. Nyumba nyingi za zamani za Mji Mkongwe kisiwani humo zilijengwa kabla ya umeme. Kuta zake nene na nyua za ndani hupunguza joto bila msaada wa mashine, hivyo feni ni nyongeza tu. Maji hayakuwa na bahati hiyo. Pampu zilitegemea umeme uleule, nayo mifereji ikakauka. Hitaji la kwanza la binadamu lilikuwa limewekwa juu ya tabaka linaloweza kukatika.

M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu, ilifuata njia nyingine. Ilipoanza Kenya mwaka 2007 ilitumia menyu ya laini ya simu, na simu ya kawaida, yaani kitochi, ilitosha. Programu ya simujanja ilikuja baadaye, bila kuwafungia mlango wenye vitochi.

Katika maisha ya mtu binafsi, kipimo ni kilekile cha mtengenezaji anayezima JavaScript ili aone kinachobaki. Mfanyakazi mwenye mshahara na posho za safari hujiuliza: posho zikikoma mwezi huu, kodi ya nyumba na ada ya shule vitalipika? Mkopo ambao marejesho yake yanategemea posho umejengwa kichwa chini, hata kama kwa miaka miwili haujawahi kuchelewa.

Si kila kitu kina umbo la msingi. Mkutano wa video hauna maana bila programu inayouendesha, na kutunza njia mbili kuna gharama ambayo taasisi ndogo huenda isiimudu. Kuna pia hatari ya kulitelekeza tabaka la chini: menyu ya kitochi ikibaki ya tangu mwanzo huku huduma mpya zote zikienda kwenye simujanja, wenye vitochi hubakiwa na mlango ulio wazi na chumba kitupu.