Usijenge Karibu na Maji

Kijana wa Masasi akipanda Newala hustaajabia neno la wazee wa Kimakonde: huwausia watoto wao wasijenge karibu na maji. Je, mwenye akili aweza kuukimbia mto? Maana mchanga wa huko juu hunywa mvua yote, na chemchemi hutokea chini mabondeni. Mama zetu waliyafuata maji kwa saa nyingi, mtungi kichwani.

Asili yake nini? Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alikaa Newala, na katika habari alizoandika mna hadithi hii. Mtu wa kwanza alichonga sanamu ya mti, nayo ikawa mwanamke. Wakashuka mtoni Ruvuma. Mtoto akazaliwa mfu. Wakavuka nchi ya juu hata bonde jingine. Wa pili naye akazaliwa mfu. Wakapanda hata vichaka vya Mahuta. Wa tatu akaishi. Basi baba yule akawausia wanawe wayaepuke mabonde, ndiko yakaako maradhi na mauti.

Wengine wanena kwamba ni hofu ya vita, kwani Magwangwara waliishambulia Masasi mwaka 1882, na vichaka vilikuwa boma. Hayo yaelekea kuwa kweli, lakini vita havielezi kwa nini hadithi yataja watoto wafu. Mwaka 1897 Ronald Ross aligundua vidudu vya malaria ndani ya mbu. Wazee hawakujua siri ya mbu, ila makaburi waliyahesabu.

Hivyo uhai wa mtoto ulinunuliwa kwa shingo ya mamaye. Ndugu msomaji, usicheke neno la mzee kabla hujauliza limetoka wapi.