Klamidia: Ugonjwa wa zinaa uliofichuliwa na macho ya watoto

Katika wodi nyingi za wazazi nchini Kenya na Tanzania, mtoto akishazaliwa, kabla hata hajazoea mwanga, mkunga humfungua kope la chini na kumpaka mafuta ya macho ya tetrasaiklini kutoka kwenye tyubu ndogo. Akina mama wengi hudhani ni dawa ya kutoa uchafu wa kuzaliwa. Kumbe ile tyubu ni kinga ya magonjwa ya zinaa. Hupakwa watoto wote bila kuulizwa mama ni nani wala baba yuko wapi, na nadhani ndiyo maana imedumu: haimtuhumu mtu.

Desturi hii chimbuko lake ni Leipzig, Ujerumani. Katika hospitali ya wazazi ya mji huo, takriban mtoto mmoja kati ya kumi alikuwa akiota usaha machoni siku chache baada ya kuzaliwa, na baadhi wakapofuka kabisa. Mwaka 1880 mganga wake mkuu, Carl Credé, akaagiza kila mtoto aoshwe macho, kisha adondoshewe tone moja la maji ya nitrati ya fedha kwa kijiti cha kioo. Wagonjwa wakashuka hadi chini ya mmoja kati ya mia. Adui wa Credé alikuwa kisonono, ambacho bakteria wake walikuwa wametambuliwa mwaka mmoja tu nyuma na Albert Neisser, daktari wa miaka 24 wa mji wa Breslau.

Hata hivyo, si watoto wote waliopona. Wapo waliotiwa tone na bado macho yakavimba, tena si siku ya pili au ya tatu kama ilivyo kwa kisonono, bali wiki ya kwanza ikielekea kwisha au ndani ya wiki ya pili. Usaha wao ukiwekwa chini ya hadubini, bakteria wa Neisser hawaonekani. Basi ni nini?

Jibu lilipatikana kisiwani Java, na njia ya kufika huko ilipita kwa Neisser huyohuyo. Naye hakuwa malaika. Mwaka 1892 aliwadunga makahaba, wengine wasichana wadogo, maji ya damu ya wagonjwa wa kaswende bila kuwaomba ridhaa. Habari zilipovuja alitozwa faini ya marki 300, na mwaka 1900 serikali ya Prussia ikatoa agizo kwamba mgonjwa asifanyiwe majaribio pasipo kuelezwa na kukubali. Miaka michache baadaye Neisser aliongoza msafara wa kwenda Java kuchunguza kaswende kwa kutumia nyani wakubwa.

Miongoni mwa watu wa msafara huo walikuwa Ludwig Halberstaedter na Stanislaus von Prowazek. Mwaka 1907 wawili hao waliacha kaswende pembeni kidogo, wakawakwangua kope wagonjwa wa trakoma, ule ugonjwa wa vikope ambao hukunja kope kwa ndani hadi zikawa zinakwaruza kioo cha jicho. Ukwanguo huo wakampaka orangutani machoni. Walipozitia rangi seli za jicho lake na kuzitazama, waliona ndani yake, kando ya kiini, vifurushi vya chembe ndogo mno. Haikupita miaka mitatu, madaktari wa Ulaya wakaviona vifurushi vya namna hiyohiyo kwa wale watoto ambao tone la Credé halikuwasaidia. Wakawapima mama zao kwenye shingo ya kizazi: vipo. Wakawapima baadhi ya akina baba kwenye njia ya mkojo: vipo. Mtoto wa wiki moja alikuwa ametoboa siri ya chumbani kwa wazazi wake.

Baada ya hapo utafiti ulikwama kwa karibu nusu karne. Chembe zile zilikataa kuota kwenye vyakula vya kawaida vya maabara, na kwa udogo wao zilihesabiwa kuwa virusi. Aliyefungua njia ni Mchina, Tang Feifan, ambaye katikati ya miaka ya 1950 mjini Beijing alifaulu kuziotesha ndani ya kiini cha mayai ya kuku yenye vifaranga vinavyokua. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1957. Kisha akafanya jambo ambalo leo hakuna kamati ya maadili ingeliruhusu: alijipaka mwenyewe jichoni vijidudu alivyovikuza, akaugua trakoma, akajizuia kwa muda asitumie dawa ili aone ugonjwa unavyokwenda. Mwaka 1958, akiandamwa na misukosuko ya kisiasa, Tang alijiua. Mwaka uliofuata watafiti wa London, Barrie Jones, Leslie Collier na Christopher Smith, wakaotesha chembe za aina hiyo kutoka shingo ya kizazi ya mama mmoja ambaye mtoto wake alikuwa na macho ya usaha. Katika miaka ya 1960 ikathibitika kwamba si virusi hata kidogo. Ni bakteria, naye akaitwa klamidia.

Lakini ni bakteria wa namna ya peke yake. Akiwa nje ya seli ya mwili hulala kama mbegu kavu. Akishaingia ndani huamka, hukua na kugawanyika, na baada ya siku mbili au tatu seli hupasuka na kumwaga kizazi kipya. Koo zake A hadi C ndizo za trakoma, ambazo husambaa kwa mikono, vitambaa na inzi. Koo D hadi K huambukizwa kwa kujamiiana na hushambulia njia ya mkojo, shingo ya kizazi na macho ya mtoto anayepita njia ya uzazi.

Ubaya wa klamidia ni ukimya wake. Wanawake wengi walioambukizwa hawaoni dalili yoyote, na wanaume wengi vilevile. Dalili zikitokea ni maumivu wakati wa kukojoa, ute au usaha sehemu za siri, maumivu chini ya kitovu, au damu baada ya tendo. Isipotibiwa, inaweza kupanda hadi kwenye mirija ya uzazi na kuacha makovu. Miaka inapita, mwanamke anahangaika kutafuta mtoto, au mimba inatunga nje ya kizazi, na hakuna anayekumbuka maambukizi ambayo hayakumuuma. Nyumba ngapi za kwetu zimemtupia lawama mke kuwa tasa, au zikakimbilia kwa mganga, wakati mirija iliziba kwa ugonjwa ambao yawezekana mume ndiye aliyeuleta! Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 pekee kulikuwa na maambukizi mapya ya klamidia takriban milioni 129 kwa watu wenye umri wa miaka 15 hadi 49.

Afrika Mashariki ina sehemu yake katika historia hii. Katika miaka ya 1980 watafiti jijini Nairobi waliipambanisha nitrati ya fedha na mafuta ya tetrasaiklini kwa watoto wachanga zaidi ya 2,700. Matokeo, yaliyotoka mwaka 1988, yalionyesha kuwa mafuta hayo yanaweza kabisa kuchukua nafasi ya tone la Credé, ambalo lilikuwa na tabia ya kuwasha macho. Kwa klamidia, hata hivyo, hakuna kati ya dawa hizo mbili iliyoziba mwanya wote. Mafuta ya macho pia hayafiki kwenye mapafu, na klamidia humletea mtoto nimonia. Kinga ya uhakika zaidi ni kumpima na kumtibu mama kabla hajajifungua.

Mkoani Mwanza, kati ya mwaka 1991 na 1994, wahudumu wa zahanati na vituo vya afya vijijini walifundishwa kutibu magonjwa ya zinaa kwa kufuata dalili, dawa zikapelekwa kwa uhakika, na wagonjwa wakahimizwa kuwaleta wenza wao. Maambukizi mapya ya VVU katika jamii hizo yalipungua kwa takriban asilimia 40 yakilinganishwa na kwingine. Yalikuwa mafanikio makubwa, na nchi nyingi zinatibu kwa utaratibu huo hadi leo. Lakini tiba inayofuata dalili humkuta mwenye dalili. Asiye nazo habishi hodi zahanati, na kwa klamidia hao ndio wengi.

Zaidi ya hapo, siku hizi mtu akiwashwa wakati wa kukojoa hujitangazia kuwa ana UTI, anaingia duka la dawa, anapewa vidonge vya rangi mbili vya siku tatu, na akipata nafuu anaacha. Kipimo cha klamidia kipo: mkojo, au pamba inayopitishwa ukeni, na maabara hutafuta vinasaba vya bakteria. Nacho kina mitego yake. Mwaka 2006 wataalamu wa Sweden walishangaa kuona wagonjwa wa klamidia wamepungua ghafla katika jimbo la Halland. Walipochimba, waligundua kwamba bakteria wamepoteza kipande kidogo cha vinasaba, kilekile ambacho baadhi ya vipimo vilikuwa vikikitafuta. Ugonjwa ulikuwa unaenea huku majibu yakisema hamna kitu.

Tiba yenyewe ni rahisi na si ghali: kwa kawaida doksisaiklini ya miligramu 100 mara mbili kwa siku, siku saba mfululizo. Mjamzito hupewa azithromaisini gramu moja, mara moja tu, dawa iliyogunduliwa Zagreb mwaka 1980 na ambayo pia hugawiwa bure vijijini kupambana na trakoma. Hakuna chanjo. Kondomu ikitumiwa kila mara na ipasavyo hupunguza sana hatari. Kuugua mara moja hakumkingi mtu asiugue tena, ndiyo maana mgonjwa hushauriwa kujizuia hadi siku saba zipite, kupima tena baada ya miezi mitatu hivi, na kuhakikisha mwenza naye anatibiwa. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote. Karatasi ya kumwita mwenza huandikwa dakika moja, halafu mgonjwa huenda nayo nyumbani akitafuta pa kuanzia mazungumzo.