Zanzibar Ilipobadilishwa na Bukini

Swali hili utalisikia Pumwani, Eastleigh mpaka Kariobangi: Marekani ilipoamua kuivamia Iraki mwaka 2003, mbona wakubwa wenzake hawakuizuia? Si Ufaransa ilipinga mbele ya ulimwengu mzima? Hebu kwanza turudi nyuma miaka 113, huku huku kwetu pwani.

Tarehe 10 Machi 1862, Uingereza na Ufaransa zilitia saini tamko mjini Paris kwamba zitaheshimu uhuru wa masultani wawili, wa Maskati na wa Zanzibar. Weka hilo akilini.

Julai 1, 1890, Mwingereza akaelewana na Mjerumani mjini Berlin. Mjerumani akakubali Unguja na Pemba ziwe himaya ya Uingereza, akaiachia na Witu, kule karibu na Lamu. Yeye akapewa Heligoland, kisiwa kidogo tu cha Bahari ya Kaskazini. Mrima wa Tanganyika, uliokuwa wa Sultani, akaulipia marki milioni 4. Sayyid Ali bin Said alikuwa na miezi michache tu kwenye kiti. Ufaransa haikuulizwa, na lile tamko lipo!

Ikalalamika, tena kwa sauti. Lakini angalia ilichodai. Haikusema Sultani aachiwe uhuru wake. Ilitaka Bukini, yaani Madagaska. Agosti 5, 1890 London ikaitambua himaya ya Ufaransa huko, pamoja na eneo kubwa la Sahara, na Paris ikaitambua ya Mwingereza Zanzibar. Kelele zikaisha. Na Bukini ilikuwa na malkia wake, Ranavalona III: mwaka 1895 jeshi la Ufaransa likauteka mji wake, na 1897 akapelekwa uhamishoni.

Sasa njoo Iraki. Tusiwadhulumu, Ufaransa, Ujerumani na Urusi zilipinga kweli, na Marekani haikupata azimio iliyolitaka. Ikaingia vitani hivyo hivyo, Machi 20. Lakini Mei 22, 2003 Baraza la Usalama likapitisha azimio 1483, lililoitambua mamlaka ya Marekani na Uingereza juu ya nchi waliyoikalia. Ni kweli liliondoa pia vikwazo vilivyowatesa raia tangu 1990, na hilo si dogo. Ila hesabu kura: 14 ndiyo, hakuna hapana, Syria haikushiriki. Paris, Moscow na Berlin zote zilinyoosha mkono, miezi miwili tu baada ya mabomu ya kwanza.