Damu ya Mtu Usiyemjua

Wahenga walisema damu ni nzito kuliko maji, na kwa miaka mingi hospitali zetu nchini Kenya ziliendeshwa kwa methali hiyo. Mgonjwa alipohitaji damu, jamaa zake waliitwa kuitoa. Aliyekuwa na ndugu wengi karibu alikuwa na tumaini. Lakini mama aliyevuja damu baada ya kujifungua mbali na kwao, au msafiri aliyepata ajali barabarani, alimtegemea nani?

Tarehe 7 Agosti 1998, bomu lililipuka kwenye ubalozi wa Marekani jijini Nairobi. Watu zaidi ya 200 walikufa na maelfu wakajeruhiwa. Wakenya walipanga foleni kutoa damu, bila kuuliza kabila wala dini ya atakayeipokea. Hata hivyo, msiba ule ulitufundisha jambo zito: damu inayomwahi majeruhi ni ile iliyokwisha kutolewa, kupimwa na kuhifadhiwa kabla hajaumia.

Ndipo serikali, kwa msaada wa Marekani, ikaunda huduma ya taifa ya damu. Vituo vya kanda vikafunguliwa Nairobi, Embu, Nakuru, Eldoret, Kisumu na Mombasa. Vilipokea damu ya watu waliojitolea, vikaipima virusi vya UKIMWI, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende, kisha vikaigawa kwa hospitali za eneo hilo. Mtoaji hakujua damu yake inamwendea nani, wala mpokeaji hakujua amshukuru nani.

Wengi wa watoaji walikuwa wanafunzi. Kwa hiyo kila shule zilipofungwa, akiba ilipungua, na damu yenyewe hukaa kwenye jokofu wiki tano hivi tu. Mwaka 2019 ufadhili wa Marekani ulikwisha, na mwaka uliofuata korona ikafunga shule. Makusanyo yakashuka. Jamaa za wagonjwa wakawa wanaomba watoaji kwa simu na mitandaoni. Tukarudi tulikotoka: anayepona ni mwenye ndugu.

Wapendwa, Bwana wetu alipoulizwa jirani ni nani, alisimulia habari za Msamaria aliyemhurumia mtu asiye wa taifa lake. Tunakumbuka jinsi alivyomfunga majeraha. Tusisahau kwamba kabla ya kuondoka alimwachia mwenye nyumba ya wageni fedha, ili majeruhi atunzwe hata yeye asipokuwapo.

Benki ya damu ni fedha ile. Anayetoa leo anaweka kwa ajili ya mtu ambaye huenda hatamwona kamwe. Desemba ikifika wanafunzi watakwenda nyumbani, lakini akina mama wataendelea kujifungua na magari yataendelea kugongana. Kanisa halina likizo. Kituo cha damu kikija kuomba uwanja wetu Jumapili moja, tukiwapa uwanja, tuwape na mikono yetu.