Gari Kubwa na Roho za Watu

Lugha yetu ina namna yake ya kusema kweli bila kukusudia. Yale magari makubwa ya kifahari, Land Cruiser na jamaa zake, Watanzania tuliyapa jina la shangingi, neno lililokuwa likimhusu mwanamke aliyekubuhu katika mambo ya mjini, anayejua kujipamba na kuvuta macho ya watu. Jina lenyewe lilisema kwamba gari lile ni la kutazamwa, na kwa miaka mingi hakuna aliyedai vinginevyo. Mwenye shangingi alikuwa mkubwa serikalini, mtu wa mradi wa wafadhili, au mfanyabiashara aliyefanikiwa. Kama alilihitaji kwa ajili ya barabara mbovu, hilo nalo lilieleweka.

Siku hizi nasikia sababu nyingine. Mtu anayeishi mjini, kwenye lami tupu, akiulizwa kwa nini amekopa benki ili anunue gari la tani mbili na ushei, hataji heshima. Anataja usalama wa watoto wake. Gari dogo, husema, ni kopo, likigongwa limekwisha. Sababu hiyo siwezi kuicheka, maana inagusa uhai. Lakini kwa kuwa inagusa uhai ndiyo maana nimeona niifuate hadi ilikokulia, nako si kwetu bali Marekani, na nitazame ina uzito gani.

Kwanza nikiri kuwa ukweli umo ndani yake. Chukua magari mawili, moja la tani mbili na jingine la tani moja, yote yakienda kilomita 50 kwa saa, yagongane uso kwa uso na kunasana. Kanuni za Newton hazina upendeleo: vyuma vile vilivyonasana vitaendelea kusogea kwa kasi ya kilomita kama 17 kwa saa, kufuata upande aliokuwa akienda yule mzito. Kwa hiyo aliyemo katika gari zito amebadilishiwa mwendo kwa kilomita 33 hivi. Yule wa gari jepesi amesimamishwa, kisha akasukumwa kinyumenyume, jumla kilomita 67, na yote hayo kabla hajawahi kupepesa jicho. Kasi peke yake haimwui mtu. Kinachomwua ni kukatizwa kasi hiyo ghafla. Leonard Evans, mwanafizikia aliyefanya kazi miaka mingi katika kampuni ya General Motors, alizipitia kumbukumbu za ajali za Marekani, na mwaka 1993 yeye na mwenzake wakaonyesha kwamba gari moja likiwa na uzito mara mbili ya jingine, dereva wa lile jepesi yumo katika hatari ya kufa kama mara 12 ya mwenzake.

Anayetaka kubisha abishane na hesabu hiyo. Mimi sibishi, ila namwomba msomaji aitazame tena. Magari yote mawili yangekuwa ya tani moja, kila dereva angebadilishiwa kilomita 50. Yangekuwa yote ya tani mbili, ni zilezile 50. Zile 17 alizookoa mwenye gari zito hazikutoka hewani; amebebeshwa mwenzake.

Sasa historia yenyewe. Mwaka 1973 nchi za Kiarabu zilipozuia mafuta yao, Marekani ilishtuka, na mwaka 1975 Bunge lake likapitisha sheria ya kuwalazimisha watengenezaji wapunguze ulaji wa mafuta. Magari ya abiria yaliwekewa kiwango kikali. Malori mepesi, yaani pikapu na mfano wake, ambayo enzi hizo yalikuwa vyombo vya wakulima na mafundi, yakawekewa kiwango cha huruma. Mwanya ukapatikana hapo. Gari likiundwa kwa sifa za lori lakini ndani likawekwa viti vya familia, mbele ya sheria lilibaki kuwa lori. Ford Explorer, iliyotoka mwaka 1990, iliundwa kutokana na pikapu yao iitwayo Ranger, na muda si muda ikawa gari la kawaida la mama anayewapeleka watoto shule na kupitia sokoni. Faida yake kwa kampuni ilikuwa kubwa kuliko ya gari la kawaida. Na mnunuzi, akiketi kule juu akatazama paa za magari ya wenzake, alijiona salama. Hakuna aliyemdanganya waziwazi. Kiti kilitosha.

Kukaa juu ndiko kulikowaponza wengi. Gari refu lenye upana mdogo lina kitovu cha uzito kilichoinuka, na dereva akikata usukani kwa ghafla kumkwepa mbuzi au shimo, huenda likainua magurudumu ya upande mmoja. Mwaka 1988 jarida moja la watumiaji wa bidhaa huko Marekani liliitangaza Suzuki Samurai kuwa haifai kwa sababu hiyo hiyo, na kesi kati ya kampuni na jarida hilo ikaendelea hadi 2004. Suzuki za ukoo ule tunazijua. Mapadri na mabwana shamba wamezipandisha milima yetu miaka nenda miaka rudi. Wala si magari makubwa. Ni mafupi, mepesi, lakini yamesimama wima. Nayataja kwa sababu yanatenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya, yaani uzito na kimo.

Kisha yakaja ya mwaka 2000. Mwezi Agosti kampuni ya Firestone iliita zirudishwe tairi milioni 6.5, nyingi zikiwa chini ya Ford Explorer. Ngozi ya juu ya tairi ilikuwa ikibanduka gari likiwa katika mwendo mkali, hasa kwenye joto: Texas, Florida, Arizona, hata Venezuela na Saudi Arabia. Watu zaidi ya 200 walikufa Marekani pekee. Kampuni mbili zilizofanya biashara pamoja kwa karibu miaka 100 zikarushiana lawama hadharani. Ford ilisema tairi ni mbovu. Firestone ilisema gari ni jepesi kupinduka, tena Ford iliwashauri wenye magari wajaze upepo wa pauni 26 tu, na tairi yenye upepo mdogo huchemka. Kwa maoni yangu kila mmoja alisema kweli kuhusu mwenzake. Gari la chini tairi ikichanika huyumba, na mara nyingi husimama likiwa bado limekanyaga kwa magurudumu yake. Lile refu liliviringika, na wasiofunga mikanda wakarushwa nje.

Mwaka 2003 mkuu wa idara ya usalama barabarani ya Marekani, Jeffrey Runge, aliyekuwa daktari wa chumba cha dharura kabla ya kupewa ofisi hiyo, alitamka kwamba hangekubali watoto wake wapande magari yaliyopata alama duni katika kipimo cha kupinduka. Watengenezaji walikasirika sana. Dawa ilipatikana hatimaye, nayo haikuwa kuongeza chuma. Ilikuwa mtambo wa kielektroniki unaohisi gari linaanza kuserereka ukakamata breki ya gurudumu moja moja hadi gari likae sawa. Kuanzia magari ya mwaka 2012 sheria ya Marekani inaulazimisha katika kila gari jipya la abiria, na tangu ulipoenea, vifo vya kupinduka katika magari marefu vimepungua mno. Kwa hiyo anayesema leo kwamba shangingi jipya linamlinda aliyemo ndani hasemi uongo. Ila usalama huo aliletewa na mtambo ambao hata gari dogo linao.

Kuna ajali moja ya kupangwa ambayo napenda kuisimulia. Mwaka 2009 taasisi ya utafiti ya kampuni za bima za Marekani ilitimiza miaka 50, ikasherehekea kwa namna yake: ilichukua Chevrolet Bel Air ya mwaka 1959, lile gari refu la enzi ya wazee wetu, chuma tupu na madoido yanayong'aa, ikaligonganisha na Chevrolet Malibu ya 2009, kila moja likienda kilomita 64 kwa saa. Wanaosema magari ya zamani yalikuwa magari wangepaswa kuona. Bel Air lilikunjika hadi kwenye kiti cha dereva, usukani ukaja kifuani. Dereva wa Malibu, kwa jinsi yule sanamu alivyopimwa, angechechemea kidogo tu. Pua ya gari la kisasa imeumbwa ibonyee ili chumba cha watu kisibonyee. Huo ni ujuzi wa mhandisi, hauna haja ya tani.

Mwaka huohuo, ili mtu asije akadhani uzito hauna maana, taasisi hiyohiyo iligonganisha magari madogo na ya wastani. Toyota Yaris, ambayo ndugu yake tuliyemletewa kutoka Japani tunamwita Vitz, ilikutanishwa na Camry. Yaris ilikuwa imefaulu vizuri kugonga kizuizi, kwa sababu gari linapogonga kizuizi hupambana na uzito wake lenyewe. Mbele ya Camry ilipata alama mbaya. Newton hakuondoka.

Swali hili si la vitabuni kwangu. Shemeji yangu, mke wa mdogo wangu, huwachukua watoto watatu kila alfajiri kutoka Kibaha kuingia Dar es Salaam kwa barabara ya Morogoro. Walikuwa na fedha zinazotosha kimoja kati ya viwili: shangingi la katikati ya miaka ya 1990, lililotembea sana, lisilo na mtambo ule niliousema, au saluni ndogo iliyo mpya kuliko hilo kwa miaka 15. Hilo ndilo chaguo halisi la mtu wa kipato chetu, wala si kati ya jipya kubwa na jipya dogo kama lilivyo huko wanakofanyia majaribio. Niliwaambia wachukue saluni, na kabla ya jambo lolote waitoe mikanda ya nyuma, ambayo kwetu karibu kila gari imefukiwa chini ya vitambaa vya viti.

Mdogo wangu hakuridhika. "Kaka," akaniuliza, "na likija semi-trela?"

Ni swali la haki, kwa kuwa barabara ile ndiyo ya malori ya Zambia na Kongo. Nilimpigia hesabu juu ya bahasha. Lori la tani 50, gari la tani mbili, kila moja kilomita 50 kwa saa, uso kwa uso: aliye katika shangingi anabadilishiwa kilomita 96. Katika saluni ya tani moja, kilomita 98. Hapo wote wawili ni wepesi.

Tumesahau wasio na gari kabisa. Marekani ilipoteza watembea kwa miguu 4,109 mwaka 2009. Mwaka 2022 walipita 7,500. Sababu ni nyingi, giza na simu na mwendo zikiwamo, lakini boneti imo. Mwaka 2023 ile taasisi ya bima ilieleza kwamba magari yenye boneti iliyozidi kimo cha mita moja hivi yana uwezekano wa kumwua mtu yanayemgonga zaidi kwa asilimia kama 45 kuliko yale yenye pua fupi iliyoinama. Pua ya chini hupiga miguu na kumtupa mtu juu ya boneti. Ile ya juu hupiga kifua au kichwa na kumlaza chini ya gari.

Huko kwao wengi wa wanaokufa barabarani wamo ndani ya magari. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2018 kwamba Afrika, katika kila vifo 100 vya barabarani, 44 ni vya watembea kwa miguu na wapanda baiskeli. Mizani tunayojadili mezani, ya gari hili kwa gari lile, kwetu haimpimi karibu nusu ya wanaokufa.

Jirani yangu analo shangingi, tena mtu mwema, analiendesha taratibu. Aliniruhusu nipime boneti yake kwa futi kamba ya cherehani. Ilifika sentimita 112. Mjukuu wangu yuko darasa la awali na ana sentimita 108. Anakwenda shule kwa miguu, pembeni mwa lami.